Mstari wa Juu wa Kadi

Nilifundishwa kazi ya maktaba na mtu ambaye hakuwapenda wasomaji. Silisemi hili kwa hasira za jana. Nimelipima miaka mingi na bado naliona hivyo. Kwake yeye msomaji alikuwa mtu anayekuja kuvuruga rafu. Aliingia darasani na boksi la kadi nyeupe, akatugawia, halafu akapita kati ya madawati na rula yake akipima nafasi tulizoacha pembeni. Ukizidisha nafasi, kadi inachanwa mbele yako na darasa zima linacheka. Nilikaa chuo mwaka mzima na ushee nikipiga taipu kadi za vitabu ambavyo sikuwahi kuvishika.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ni ya mstari wa juu. Jina la ukoo kwanza, mkato, halafu majina mengine. Mstari wa juu ndio kadi yenyewe, alisema, na yaliyo chini ni maelezo tu, na maelezo hayatafutwi. Mahali kitabu kilikotoka, idadi ya kurasa, kama kina picha au hakina, vyote hivyo chini, kwa ufupi. Alitufundisha pia kadi za "tazama", za kumwongoza msomaji kutoka jina moja la mtu kwenda jina lake jingine, lakini mifano yote ilikuwa ya waandishi wa Ulaya waliojificha kwa majina ya kubuni. Nilifaulu mtihani huo. Niliweza kukuonyesha majina matatu ya Mwingereza aliyekufa zamani na yote yakakutana kwenye kadi moja.

Mimi ni Muha wa vilima vya juu ya Kasulu. Kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kutokana na yaliyokuwapo alipozaliwa. Tulizaliwa saba na hakuna wawili wanaofanana jina. Mmoja jina lake linawasema majirani wabaya, mwingine linamshukuru Mungu, langu mimi linataja njaa. Jina la ukoo hatuna. Lile la baba nilipachikwa na mwalimu wa darasa la kwanza, kwa kuwa daftari lake la mahudhurio lilikuwa na nafasi ya majina mawili, na nyumbani ukiliita anaitika baba. Yote haya niliyajua tangu utotoni, na sikunyoosha mkono hata siku moja kuuliza: na watu wa kwetu utawaandikaje? Niliona aibu. Nilitaka cheti, na nilidhani cheti hupewa anayesahau kwao.

Nikakipata. Nikarudi Kasulu nikapewa chumba kimoja chenye vitabu vya msaada, kimojawapo cha kufundisha namna ya kuendesha gari kwenye theluji. Nilivipangia kadi vyote, hata hicho cha theluji. Mkulima mmoja alikuja akiuliza kama kuna maandishi yoyote kuhusu migomba kunyauka, maana shamba lake lilikuwa linakwisha. Nikamwonyesha kabati la kadi na kumweleza namna ya kutafuta kwa jina la mwandishi. Akaniangalia, akaangalia kabati, akauliza kama huyo mwandishi anakaa Kasulu. Nilicheka alipotoka. Leo najua nani alistahili kuchekwa.

Katikati ya miaka ya tisini Warundi walikuwa wakivuka mpaka makundi kwa makundi, na shirika moja lililofungua ofisi Kibondo likatangaza kazi ya mtu wa kutunza kadi. Hazikuwa kadi za vitabu. Zilikuwa za watoto waliopotezana na wazazi njiani. Nilipeleka cheti changu. Mkuu wa ofisi alikisoma, akaona neno "kadi" limetajwa mara kadhaa, akaniajiri siku ileile. Hakuniuliza chochote kingine. Nilipanda lori la kwenda Kibondo nikiwa nimejaa vumbi jekundu na majivuno, na sijui kipi kilikuwa kingi zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Makarani walikaa na watoto mpakani na kambini, wakaandika daftarini kila mtoto alichokumbuka: jina, umri wa kukisia, jina la baba na la mama kama analijua, kilima alikotoka, maana kwa Warundi kilima ndicho kijiji, na jambo lolote la kumtambulisha. Madaftari yakaletwa kwangu. Mimi nikahamishia kwenye kadi kwa taipu na kuzipanga kwenye droo. Kila Jumanne wazazi walikuja kuuliza. Mtoto akipatikana kwenye kadi, gari linakwenda kumchukua kwenye familia iliyomhifadhi, na mzazi anamkumbatia hapohapo uani. Niliyaona makumbatio hayo mara kadhaa, nikajipongeza kila mara.

Nilizipanga kwa kanuni. Mstari wa juu, jina. Ndani ya mwezi mmoja droo ya N ilikuwa imejaa hadi haifungi, kwa sababu nusu ya majina ya watu wale huanza na herufi hiyo kama yetu, na droo nyingine zilikuwa na hewa. Watoto watatu wa tumbo moja walilala kwenye droo tatu. Mtu yeyote wa kwetu angeliona kosa lile akiwa anapita dirishani. Mimi niliagiza droo ya pili ya N.

Aliyeliona ni mtu asiye wa kwetu. Mtunza stoo wetu alikuwa mfanyabiashara wa Kibondo mjini, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani, mtu wa maneno mengi na heshima kidogo. Tulichukiana tangu siku ya kwanza, aliponiita "dada msomi" mbele ya madereva. Yeye aligawa mablanketi na sufuria, na orodha yake aliipanga kwa kilima. Waliotoka kilima kimoja ukurasa mmoja. Alijifunza hivyo kwenye biashara ya maharage, kwamba Mrundi ukimuuliza yeye ni nani atakutajia kilima chake kwanza, na akikitaja, wenzake waliosimama nyuma watasema kama ni kweli au ni uongo.

"Dada msomi," aliniambia siku moja akiwa ameegemea mlango wangu, "mimi nina jina langu, la baba na la babu. Ukinitafuta kwa babu utanipata. Nyie Waha nani alishawahi kuitwa kwa babu yake? Sasa hao watoto unawatafuta kwa nani?"

"Bwana stoo, hesabu sufuria zako. Hii ni taaluma."

"Taaluma! Haya. Mwacha mila ni mtumwa." Akaenda zake.

Nilikasirika siku nzima. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli, na nilikuwa nimeshaanza kulijua hilo.

Kati ya waliokuja kila Jumanne alikuwapo mama mmoja, umri kama wangu, mrefu, kitenge kimoja tu siku zote. Alimtafuta mwanawe wa kiume wa miaka minne. Walipotezana usiku wa kukimbia, yeye akavukia upande wa Kibondo. Alinitajia jina kamili la mtoto, la ubatizo na la Kirundi, polepole nisikosee. Nikavuta droo, nikapekua, nikasukuma droo.

"Hayumo."

"Subira urabe," alisema. Tazama tena.

Nilimwelewa bila mkalimani, kwa maana Kiha na Kirundi vimenyonya titi moja. Lakini nilimjibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka, makusudi. Sikutaka anichukulie mtu wa kwao. "Mama, nimekwisha kutazama. Hayumo. Rudi Jumanne."

Akarudi Jumanne. Na iliyofuata. Na iliyofuata tena.

Ndipo mwalimu wangu alipokuja. Chuo kilikuwa kinawafuata wahitimu wake makazini, na yeye ndiye aliyepewa mikoa ya magharibi. Alikuwa na fomu ndefu ya kupima kama mafunzo yanalingana na mahitaji ya waajiri. Wazo hilo lilikuwa zuri, nakiri. Tatizo ni aliyetumwa kuuliza. Alishuka garini akijifuta vumbi, akalalamikia barabara, maji, na ndizi za kupikwa alizopewa njiani Kakonko, kisha akaomba kuona kabati langu.

Akavuta droo. Akatoa rula. Wallahi, alikuwa amekuja nayo. Akapima kadi tano sita, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema kazi yangu ni ya mfano, na kwamba nafasi za stashahada zitafunguliwa mwakani na atalipendekeza jina langu. Nilijisikia mtoto aliyepewa nguo mpya. Nilikuwa tayari kumbebea mizigo hadi Kigoma.

Ilikuwa Jumanne. Yule mama akaingia.

Sijui nielezeje ubaya wangu wa siku ile bila kuupunguza. Niliona fursa. Nilitaka mwalimu aone nilivyo mwepesi. Mama hajamaliza kutaja jina, nikavuta droo, vidole vikapita juu ya kadi kama ninapiga kinanda, nikasukuma droo. "Hayumo."

"Umeona?" mwalimu alimwambia mkuu wa ofisi, aliyekuwa amesimama naye. "Hata dakika moja haikwisha. Huo ndio utaratibu."

Mama alibaki amesimama. "Subira urabe."

Mtunza stoo alikuwa mlangoni na karatasi za kusainiwa. "Muulize katoka kilima gani," alisema. "Neno moja tu, dada. Muulize kilima, halafu tazama kadi za watoto wa huko."

Kadi za watoto wa huko hazikuwa mahali pamoja. Zilikuwa zimetawanyika kwenye droo zote, na kilima nilikuwa nimekiandika chini, kwa ufupi, kama nilivyofundishwa. Kukitafuta ilikuwa kazi ya siku tatu, kadi baada ya kadi. Kusema hivyo mbele ya mwalimu ilikuwa kusema kwamba kabati langu la mfano halifai kitu. Nikamtazama mwalimu, nikitumaini yeye ndiye atasema.

Akasema. "Kilima hakikai mstari wa juu. Tukianza kumfuata kila mwenye maoni, hatutakuwa na taaluma, tutakuwa na soko."

"Soko ndilo linalojua watu," alijibu mtunza stoo.

"Bwana stoo, tafadhali," nikasema. Nikamgeukia mama. "Hayumo. Jumanne ijayo."

Alitoka. Mwalimu akanipa fomu. Swali moja liliuliza kama mafunzo niliyopata yamekidhi mahitaji ya kazi yangu. Nikaandika: kikamilifu. Hakuna aliyenilazimisha. Mwalimu alikuwa anakunywa chai upande wa pili wa meza, wala hakutazama nilichoandika.

Gari lake lilipoondoka mtunza stoo alipita mbele yangu bila kunisalimu, na Mswahili asiyekusalimu amekutukana vya kutosha. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilimwomba mablanketi mawili. Hakuuliza ya nini. Nikayatandaza sakafuni, nikamwaga droo zote juu yake, nikaanza kuzipanga upya kwa kilima. Nilipiga magoti siku tatu. Siku ya pili alikuja akaketi sakafuni upande wa pili, akawa ananisomea na mimi ninaweka, maana kuna vilima vyenye jina moja kwenye wilaya tofauti na yeye alijua kipi kina soko na kipi hakina. Hatukupatana. Alinisimanga muda wote. Niliendelea kuweka kadi, kwa kuwa kila alichosema kilikuwa kweli.

Kilima cha yule mama nilikuwa nakijua, alikitaja kila Jumanne bila kuulizwa. Siku ya tatu mchana rundo lake lilikuwa na kadi kumi na moja. Ya saba ilikuwa ya mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, aliyevukia upande wa Kasulu. Mstari wa juu ulikuwa na neno la kudekezwa, aina ya neno ambalo kila nyumba ya kwetu humwita mtoto mdogo kabla hajazoea jina lake. Mtoto alikuwa ametaja analoitwa. Karani akaliandika. Mimi nikalipandisha juu kama jina la ukoo, nikaliweka kwenye droo ambamo hakuna mama duniani angeweza kulitafuta.

Tulituma ujumbe Kasulu kwa redio ya ofisi siku hiyohiyo. Jibu lilikuja kesho yake. Familia iliyomhifadhi mtoto ilikuwa ya Kirundi, watu wema, ilikuwa imeuliza habari za wazazi wake mara mbili na kuambiwa hakuna aliyejitokeza. Jumatano walikuwa wamepanda malori ya waliochagua kurudi Burundi. Mtoto walikwenda naye. Jumatano, siku moja baada ya fomu yangu. Hakuna aliyejua wamefikia wapi, na huko walikokwenda watu walikuwa wanakimbia upya.

Nilimwandikia mwalimu barua. Niliandika kurasa nne, kwa hasira, na ninajuta tu kwamba hazikuwa nane. Nilimwambia aondoe "kikamilifu" kwenye fomu yangu. Nilimwambia mkutubi anayekwenda kufanya kazi Kibondo, au Kasulu, au popote penye watu, afundishwe kwanza kumuuliza mtu anatafuta nini na anakijuaje, halafu ndiyo apewe rula. Nilimwambia waajiri wa siku hizi hawatuiti kwa ajili ya vitabu peke yake. Wanatuita kwa faili za wagonjwa, kwa hati za mashamba, kwa watoto, na sisi tunafika na kanuni za waandishi wa Ulaya. Miezi ikapita. Jibu lilikuwa la mistari mitatu: hoja imepokelewa, itazingatiwa mtaala utakapopitiwa, nakumbushwa kuzingatia viwango vya taaluma. Kulikuwa na nafasi sahihi pembeni. Nafasi ya stashahada alipewa mwingine. Miaka iliyofuata nilikutana na wahitimu wapya wa chuo kile, na wote walikuwa wanajua kupima pembeni.

Lakini kabla ya barua hizo kulikuwa na Jumanne, na hiyo ndiyo ninayoikwepa tangu nilipoanza kuandika ukurasa huu.

Mtunza stoo alisema atamwambia yeye. Nilikataa. Mama alipoingia nilisimama, nikamvutia kiti, na kwa kuwa sijawahi kumvutia kiti alijua kuna jambo. Hakukaa. Nikamweleza kila kitu: kwamba kadi ilikuwepo, kwamba mtoto alikuwa Kasulu, anakula, anacheza, mzima, na kwamba Jumatano iliyopita wamempeleka ng'ambo. Nilisema tutatuma habari kwa ofisi za upande ule. Nilisema maneno mengi. Alisubiri yaishe.

Akanyoosha mkono apewe kadi. Nikampa. Aliigeuza, akaisogeza usoni, lakini hakujua kusoma, akanirudishia. "Soma," akasema. "Yote."

Nikasoma. Nikaanzia juu, kwenye lile neno, na aliposikia mwanawe anaitwa vile mikono yake ilikamata meza. Nikashuka chini kwenye herufi ndogo. Kwamba ana kovu la moto mguu wa kushoto. Kwamba anaogopa mbwa. Kwamba halali mpaka ashike sikio la mtu. Kwamba kwao kuna chemchemi karibu na nyumba na mama yake humkataza kwenda peke yake.

Kila mstari alisema "Ego." Ndiyo. Hakulia. Nilipomaliza alibaki akiitazama ile karatasi mkononi mwangu, akahesabu kwa vidole Jumanne alizokuja akaambiwa hayumo, akafika tano.

"Maneno haya," akaniuliza, "ni nani aliyeyaandika?"

Nikamwambia ni mimi.